Nakai, Shimada na foleni ndefu ya wasichana wa Japani kwenye barafu

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Februari mimi na binti yangu wa miaka 9 tulikesha tukitazama wanawake wakiteleza kwenye barafu katika Olimpiki ya 2026 kule Milano. Dhahabu ilikwenda kwa Mmarekani, lakini fedha na shaba zote zikaenda Japani, na hata wa nne alikuwa Mjapani. Kwa nini wao? Halafu yule mdogo, Ami Nakai, alimpita Kaori Sakamoto siku ya kwanza, kisha akaishia nyuma yake. Hesabu hizo zinakwendaje? Na huko mitandaoni wanasema msichana mkali kuliko wote wa Japani hata hakuletwa. Ni nani, na alizuiwa na nini? Binti ameshaonja barafu ya hoteli ya Panari hapa Nairobi na sasa hanipi usingizi. Je, tumechelewa?

JIBU: Mama, pole kwa kukesha. Niruhusu nianze na huyo ambaye hakuletwa, kwa sababu ukimwelewa yeye, waliokuja utawaelewa kwa urahisi.

Anaitwa Mao Shimada. Ni mzaliwa wa Tokyo na anafanya mazoezi Kyoto. Alizaliwa tarehe 30 Oktoba 2008. Ami Nakai alizaliwa tarehe 27 Aprili mwaka huohuo. Wamepishana miezi 6, na miezi hiyo ndiyo iliyompandisha mmoja jukwaani Milano na kumbakiza mwenzake nyumbani. Mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISU, lilipiga kura kupandisha umri wa chini wa kushindana na wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17. Ilifanyika kwa hatua: 16 katika msimu wa 2023/24, kisha 17 kuanzia msimu uliofuata. Umri hupimwa kwa siku moja tu, tarehe 1 Julai kabla ya msimu kuanza. Siku hiyo mwaka 2025 Nakai alikuwa na miaka 17 na miezi miwili, Shimada ana 16 na miezi minane. Hakuna rufaa wala ombi maalumu, hata uwe na medali za kujaza sanduku.

Na sanduku la Shimada limejaa. Alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana Calgary mwaka 2023, Taipei 2024 na Debrecen 2025. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuuchukua mara tatu. Mwaka 2024 aliongeza dhahabu ya Olimpiki ya Vijana kule Gangwon, Korea Kusini. Ila mimi nikitaka kumpima sitazami mashindano ya vijana. Natazama ubingwa wa taifa wa Japani, unaofanyika kila Desemba, ambako vijana waliofanya vizuri hualikwa kushindana na dada zao wakubwa. Mwaka 2022, akiwa na miaka 14, alikuwa wa tatu. Mwaka 2023 wa tatu tena. Mwaka 2024 wa pili. Desemba 2025, miezi miwili kabla ya Milano, akawa wa pili nyuma ya Sakamoto peke yake. Wa tatu alikuwa Mone Chiba, na Nakai wa nne.

Yaani msichana aliyekuwa wa nne kwao alikwenda Milano akawa wa tatu duniani. Swali lako la kwanza, la kwa nini Japani, limeshaanza kujibiwa hapo.

Kuhusu sheria yenyewe, wapo wanaoilaani kwa ajili ya Shimada. Mimi simo. Ilipitishwa miezi michache baada ya Beijing 2022, ambako Kamila Valieva wa Urusi, mtoto wa miaka 15, alikutwa na dawa iliyokatazwa, na dunia nzima ikamwona akianguka na kulia huku watu wazima waliomfikisha pale wakiwa wamesimama pembeni. Kabla ya hapo tulishazoea kuona mabingwa wanaong'aa wakiwa na miaka 15 na kutoweka wakiwa na 18. Kwa Shimada sheria hii imekuwa chungu, lakini imempa miaka ya kukua bila mzigo wa Olimpiki mabegani. Olimpiki ijayo, ya Ufaransa mwaka 2030, atakuwa na miaka 21. Tazama Sakamoto: alipochukua ubingwa wake wa kwanza wa dunia alikuwa karibu kutimiza 22.

Kuna jambo la kushangaza kidogo hapa. Shimada alipewa jina la Mao kwa ajili ya Mao Asada, kipenzi cha Wajapani kwenye barafu. Na Asada mwenyewe yalimkuta hayahaya. Desemba 2005 alishinda Fainali ya Grand Prix (mashindano yanayofunga mfululizo wa kimataifa wa kila vuli) jijini Tokyo, akimwacha nyuma Irina Slutskaya wa Urusi aliyekuwa bingwa wa dunia. Miezi miwili baadaye ilikuwa Olimpiki ya Torino, naye hakwenda: alipungukiwa siku 87 kufikia umri uliotakiwa wakati ule, miaka 15. Japani haikurudi mikono mitupu. Shizuka Arakawa, binti aliyekulia Sendai, alichukua dhahabu, na hiyo ndiyo medali pekee Japani iliyopata Torino, wanaume kwa wanawake, michezo yote. Nchi iliyomkosa kipaji wake mkubwa kuliko wote ilishinda kwa mkono wa mwingine. Miaka 20 baadaye imemkosa Shimada, na imepata fedha na shaba.

Sasa tuingie kwenye hilo la "kwa nini wao". Utasikia watu wakisema ni nidhamu ya Kijapani, kana kwamba Wakorea na Warusi huamka saa tano. Maelezo ya namna hiyo huwa sina subira nayo. Mambo yenyewe yana tarehe, miji na majina ya watu.

Anza Nagoya, mtaa wa Osu, sehemu ya hekalu na vichochoro vya maduka. Hapo kuna uwanja wa barafu wa kawaida kabisa ambao watu wa mjini hulipia kuteleza. Kocha Machiko Yamada alimchukua mtoto mmoja mfupi, mwenye miguu ya chemchemi, akamlea hadi nyumbani kwake. Mtoto huyo alikuwa Midori Ito, aliyezaliwa mwaka 1969, ambaye hata utu uzimani kimo chake hakikupita sana sentimita 145. Mwaka 1988 Ito alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka akseli tatu mashindanoni, mruko wa mizunguko mitatu na nusu hewani. Mwaka uliofuata, Paris, akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kuwa bingwa wa dunia katika mchezo huu.

Kisha ikaja Albertville 1992. Japani nzima ilimtarajia dhahabu. Kwenye programu ndefu, ile ya siku ya pili, alijaribu akseli tatu mwanzoni, akaanguka. Mtu mwingine angeiacha ipite, maana nguvu zimekwisha na hasara imeshaingia. Ito aliibeba mpaka karibu na mwisho, wakati mapaja yanawaka moto, akairuka tena, akatua. Haikuwahi kufanywa na mwanamke kwenye Olimpiki. Akapata fedha nyuma ya Kristi Yamaguchi wa Marekani. Ukiipata picha ya video ya siku ile, mwonyeshe binti.

Mwaka huohuo wa 1992 shirikisho la Japani lilianzisha kambi ya majira ya kiangazi kule Nobeyama, milimani mkoani Nagano. Walikuwa wanajiandaa kwa Olimpiki ya Nagano ya 1998, lakini kambi haikufa Olimpiki ilipokwisha. Mpaka leo watoto wa rika la chini kabisa la mashindano, wengi hawajamaliza shule ya msingi, hukusanywa pale kutoka kila pembe ya nchi. Wanapimwa mbio na miruko nchi kavu, wanachezeshwa dansi, wanatazamwa wakiteleza, na wanaofaa huandikwa majina. Arakawa alipita hapo, katika kundi la kwanza kabisa.

Faida ya Nobeyama siyo mazoezi ya siku chache. Faida ni kwamba msichana wa Niigata aliyekuwa malkia wa uwanja wake anafika pale na kukuta wenzake ishirini wanaoruka kama yeye, na anawajua kwa majina akiwa na miaka 10. Kuanzia siku hiyo ana mtu wa kumfukuza. Kocha mwenye wivu naye anaona wenzake wanafundisha nini.

Juu ya kambi kuna mitihani ya madaraja, kutoka daraja la wanaoanza, kisha la 1 hadi la 8. Huruhusiwi kushindana na wakubwa kitaifa bila kufaulu la 7. Mitihani hiyo haipimi miruko tu. Inapima pia hatua za msingi: kukunja goti, kugeuka, kushika makali ya skeiti ya ndani na ya nje bila kutetereka. Ndiyo maana hata Mjapani wa ishirini kitaifa anateleza vizuri. Mashindano ya mikoa huchuja, ya mashariki na magharibi huchuja tena, na Desemba wanaobaki wanakutana mbele ya uwanja uliojaa na kamera za televisheni. Mcheza kwao hutunzwa, lakini pale kwao hakuna huruma: nafasi za kwenda ubingwa wa dunia au Olimpiki hazizidi 3 kwa nchi. Nimeona misimu ambayo wa tano wa Japani angeweza kuwa bingwa wa taifa katika nchi nyingi za Ulaya.

Ukweli mwingine ni viwanja. Huko Sendai uwanja alioukulia Arakawa ulifungwa mwaka 2004 kwa sababu za fedha. Baada ya dhahabu ya Torino kelele zikapigwa, na mwaka 2007 ukafunguliwa tena. Mone Chiba, yule wa nne wa Milano, alizaliwa Sendai mwaka 2005 na akakulia kwenye barafu hiyohiyo kabla ya kuhamia Kyoto. Sijui kama mshindi wa dhahabu huwa anafikiria mambo kama hayo akiwa jukwaani, lakini medali moja iliokoa sakafu ambayo mtoto mwingine alijifunzia kusimama.

Siku hizi barafu nzuri zimesambaa na kila mji una kocha wake mwenye jina. Kobe yupo Sonoko Nakano, aliyemfundisha Sakamoto pamoja na Mai Mihara, bingwa wa Fainali ya Grand Prix ya 2022. Kyoto yupo Mie Hamada, ambaye mikononi mwake wamepita Satoko Miyahara, Rika Kihira, na sasa Shimada na Chiba. Funabashi, karibu na Tokyo, yupo Kensuke Nakaniwa, na hapo ndipo alipo Nakai. Alihama kutoka Niigata kufuata barafu na kocha. Familia za Japani hufanya hivyo mara nyingi, na gharama zake ni nzito: kukodi barafu usiku au alfajiri wakati umma haupo, kocha, mtunzi wa programu, nguo, skeiti. Siyo mchezo wa maskini, huko wala popote.

Hesabu sasa. Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ndipo penye utamu.

Akseli ndiyo mruko pekee ambao mtelezaji huondoka akitazama mbele. Ukiwa na binti mbele ya televisheni, utaitambua hivi: miruko mingine yote msichana huja kinyumenyume, mgongo ukitangulia. Kwenye akseli anageuka, anakanyaga makali ya nje ya mguu wa kushoto, goti linazama, mguu wa kulia unarushwa mbele kama anapanda ngazi asiyoiona, kisha mwili unajikunja kuwa uzi. Kwa kuwa ameondoka akitazama mbele na lazima atue kinyumenyume, huongezeka nusu mzunguko. Akseli mbili ni mizunguko miwili na nusu, akseli tatu ni mitatu na nusu, na yote hiyo hufanyika chini ya sekunde moja. (Wapo wanaoanzia mguu wa kulia, lakini ni wachache.)

Akseli mbili ina thamani ya msingi ya alama 3.3. Akseli tatu ina 8.0. Tofauti ni 4.7. Kwenye programu fupi, ya dakika 2 na sekunde 40, kila mwanamke lazima aruke akseli mara moja, iwe akseli mbili au akseli tatu, achague mwenyewe. Nakai alichagua tatu akaitua. Sakamoto hana akseli tatu, aliruka mbili. Ndiyo sababu mtoto wa miaka 17 aliyekuwa kwenye msimu wake wa kwanza wa wakubwa aliongoza siku ya kwanza, mbele ya bingwa wa dunia mara tatu, kwa tofauti ndogo.

Lakini mbona tofauti ilikuwa ndogo, wakati mruko mmoja tu umempa 4.7? Kwa sababu majaji hutoa pia alama ya ubora kwa kila kitendo, kuanzia -5 hadi +5, na kila ngazi ni asilimia 10 ya thamani ya msingi. Akseli mbili iliyotimia kila kitu, yenye kimo, kasi ya kuingia na kutoka kama mtu anayeteremka mlima, inaweza kufika 4.95. Hii ya Sakamoto hukaribia hapo mara nyingi. Akseli tatu ya kuanguka hupewa -5, inabaki 4.0, na kila anguko hukatwa alama 1, zinabaki 3.0. Jopo la ufundi likiona mizunguko imepungua kwa zaidi ya robo, thamani ya msingi hushushwa hadi asilimia 80, na ukiwa umeanguka pia, unatoka na 2.2. Yaani yule aliyeruka kitu kigumu anaweza kuambulia chini ya nusu ya yule aliyeruka kitu cha kawaida kwa ustadi kamili. Hiyo ndiyo kamari ya kila msichana mwenye akseli tatu, na Nakai huicheza kila anaposhuka barafuni.

Halafu zipo alama za sanaa: utunzi wa programu, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Kila moja hutolewa hadi 10, na kwenye programu ndefu jumla huzidishwa kwa 2.67. Fanya hesabu. Majaji wakimpa Sakamoto nusu alama zaidi ya Nakai katika kila kipengele, hizo ni 1.5, ukizidisha unapata kama 4.0. Karibu ile faida yote ya akseli tatu imelika, na hakuna aliyeruka chochote. Programu ndefu ya Milano, ya dakika 4, ilikuwa na miruko 7, nafasi za kukosea ni nyingi, na mtu mwenye kasi asiyetetereka hupanda taratibu. Hivyo ndivyo mkubwa alivyompita mdogo siku ya pili. Alysa Liu wa Marekani, aliyekuwa wa tatu baada ya programu fupi, aliwapita wote wawili, naye alishinda bila akseli tatu.

Kwa hiyo nikiulizwa ni nani wa kumtazama, sitaji mwenye mruko mgumu zaidi. Rika Kihira alikuwa nayo akseli tatu, na mwaka 2018 alishinda Fainali ya Grand Prix akiwa na miaka 16, msimu wake wa kwanza wa wakubwa. Desemba 2020 akatua salkau, aina nyingine ya mruko, ya mizunguko minne kwenye ubingwa wa taifa. Wengi tulimwandika bingwa wa Beijing. Kifundo cha mguu kikagoma, Beijing akaikosa, na sasa amehamia dansi ya barafu ya wawili. Miki Ando naye alitua mruko wa mizunguko minne tangu mwaka 2002 akiwa mtoto, wa kwanza duniani kwa wanawake, lakini mataji yake mawili ya dunia, 2007 na 2011, hayakuletwa na mruko huo. Sakamoto, bila akseli tatu na bila mruko wa minne, alichukua ubingwa wa dunia 2022, 2023 na 2024 mfululizo. Mwanamke wa mwisho kufanya hivyo kabla yake ni Peggy Fleming wa Marekani, 1966 hadi 1968.

Wapo watakaokuambia kwamba hayo yaliwezekana kwa sababu Warusi walifungiwa tangu Machi 2022. Ni kweli kwa sehemu. Wale wasichana wa Moscow walikuwa na miruko ya minne ambayo kina Sakamoto hawakuwa nayo, na Milano aliruhusiwa mwanamke mmoja tu wa Urusi, Adeliia Petrosian, bila bendera. Lakini Beijing, kabla ya kufungiwa, Warusi watatu walikuwepo wote, na Sakamoto alipata shaba palepale, nyuma ya wawili wao na mbele ya Valieva. Hilo huwa linasahauliwa.

Turudi kwa wawili hawa. Nakai alianza akiwa na miaka 5 baada ya kumwona Asada kwenye televisheni. Vuli ya 2025, katika Grand Prix yake ya kwanza ya wakubwa kule Ufaransa, alishinda, Sakamoto akiwa wa pili na Rion Sumiyoshi wa tatu, jukwaa zima la Japani. Desemba, Nagoya, akawa wa pili kwenye Fainali nyuma ya Liu, Sakamoto wa tatu. Anachonivutia ni uso wake. Anateleza kama mtu asiyejua kwamba kuna karatasi ya alama, na hilo halifundishwi. Kasi yake bado siyo ya Sakamoto, na mikono huwa inasahaulika anapojiandaa kwa mruko mkubwa. Hayo yanarekebishika.

Shimada ana akseli tatu na pia toulupu (aina nyingine tena ya mruko) ya mizunguko minne, ambayo thamani yake ni 9.5. Lakini ukiniuliza kwa nini majaji wa kwao walimweka mbele ya Nakai, nitakuambia utazame anavyotua. Watoto wengi wenye miruko mikubwa hutua kama gunia: mruko umekwisha, kasi imekufa, wanaanza upya kusukuma. Shimada hutoka kwenye mruko na mwendo uleule aliouingia nao, mguu huru umenyooka, kichwa kimeshageukia kinachofuata. Hiyo ni kazi ya miaka mingi ya makali, ile mitihani ya madaraja niliyokutajia. Swali langu kwake ni moja: mwili utaibeba ile toulupu ya minne akiwa na miaka 19, 20? Ningekuwa kocha wake, ningeiweka akiba na kuitoa siku chache kwa mwaka. Kocha Hamada hajaniomba ushauri.

Kuanzia msimu wa 2026/27 anaruhusiwa kwa wakubwa. Sakamoto alishatangaza mapema kwamba msimu wa Milano ungekuwa wake wa mwisho, kwa hiyo kiti kiko wazi. Chiba naye yupo, mshindi wa shaba ya dunia ya 2025 kule Boston, na mimi namwona anadharauliwa kwa sababu hana kitu cha kupigia kelele. Nyuma yao wamo Mei Okada, Kaoruko Wada na Rena Uezono, majina ambayo utaanza kuyazoea.

Haya, binti. Sitakudanganya. Sakamoto alianza na miaka 4, Nakai na 5, na akina hawa huteleza karibu kila siku kwenye uwanja wa kipimo kamili. Mtoto anayeanza na miaka 9, kwenye barafu ndogo ya hoteli, hawezi kuwafikia Wajapani hao kwa miruko. Lakini kuteleza vizuri, kushindana na watoto wa kiwango chake, na kuupenda mchezo maisha yake yote, miaka 9 ni umri mzuri sana. Mwambie mwalimu wake asikimbilie kumrusha. Amfundishe kwanza kuanguka: magoti yakunjwe, akae upande, mikono asiitangulize. Kisha mguu mmoja, makali ya nje, duara kubwa upande wa kulia na kushoto, hadi aweze kulimaliza bila kugusa chini mguu wa pili. Nyumbani asimame kwa mguu mmoja akipiga mswaki, asubuhi mguu huu, jioni mguu ule.

Mkifikia kununua skeiti zake mwenyewe, chagueni zenye meno mbele ya kisu, siyo za magongo ya barafu. Na tafadhali usinunue za kukulia kama tunavyofanya na viatu vya shule. Buti likiwa kubwa, kifundo kinayumba na makali hayashikiki kabisa. Mvalishe soksi moja nyembamba, mfunge kamba vizuri, mwambie akunje magoti. Kisigino kikipanda ndani ya buti hata kidogo, omba namba ndogo zaidi.